Ukiagiza maguro, unakula samaki gani?

Mpishi anakivuta kisu kuelekea kwake mara moja tu, bila kukipeleka na kukirudisha, na mnofu mwekundu unalala ubavu kama ukurasa uliofunuliwa. Anaulaza juu ya kitonge cha sushi, yaani wali wenye siki, anabana kwa vidole viwili, anapitisha brashi yenye sosi ya soya, anakusogezea. Ustadi wote huo, pamoja na safari nzima ya samaki mpaka kufika pale mezani, menyu imeufupisha kwa neno moja la Kijapani: maguro, yaani jodari.

Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Mlaji asiyependa kuchangia kuikausha bahari huuliza, "Jodari anafaa kuliwa au hafai?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na kila mara nalazimika kurudisha swali: jodari yupi? Maguro ni jina la ukoo. Ndani yake wamo kihada mwenye mapezi ya manjano, mebachi mwenye macho makubwa, binnaga mwenye nyama nyeupe-nyeupe na mapezi marefu ya ubavuni, na juu yao wote kuromaguro, jamaa mkubwa mwenye mgongo wa buluu iliyokoza, ambaye hapa nitamwita jodari buluu. Huyo buluu naye wako watatu: wa Atlantiki, wa Pasifiki na wa bahari za kusini. Hali zao hazifanani hata kidogo.

Buluu watatu

Kama mara ya mwisho ulisoma habari za jodari buluu miaka kumi na mitano iliyopita, bila shaka uliambiwa yuko mbioni kutoweka. Hukudanganywa. Mwaka 2010 Monako ilipeleka pendekezo katika mkutano wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, mjini Doha, Qatar, kutaka biashara ya kimataifa ya jodari buluu wa Atlantiki ipigwe marufuku. Kura zikaliangusha. Huko Pasifiki ilikuwa mbaya zaidi: karibu na mwaka huohuo uzito wa samaki wazazi waliobaki baharini ulikadiriwa kuwa kama asilimia 2 tu ya ule ambao ungekuwepo endapo wasingevuliwa kabisa.

Kisha likatokea jambo ambalo katika habari za bahari hutokea kwa nadra: watu walipunguza kweli. ICCAT, tume inayosimamia jodari wa Atlantiki, ilibana kikomo cha uvuvi cha upande wa mashariki na Mediterania hadi tani 12,900 mwaka 2011. Pasifiki nchi zikakubaliana kupunguza kwa nusu uvuvi wa samaki wadogo, wale wasiofika kilo 30, ukilinganisha na ilivyokuwa kati ya 2002 na 2004. Hili la wadogo ndilo lililoleta mabadiliko makubwa. Jodari aliyeingia wavuni akiwa na kilo tatu hajazaa hata mara moja, kwa hiyo anayemvua huyo anakula mbegu. Tathmini iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba kufikia 2022 wazazi wa Pasifiki walishapita asilimia 23 ya kile kiwango cha asili, ilhali lengo lilikuwa wafike asilimia 20 ifikapo 2034. Kwa upande wa Atlantiki, shirika la IUCN, linaloorodhesha viumbe kwa kiwango cha hatari, lilimwondoa mwaka 2021 katika kundi la walio hatarini na kumweka miongoni mwa wasiotia wasiwasi, na kikomo cha mashariki kikaongezwa mpaka kikapita tani 40,000. Yule wa kusini naye alipandishwa daraja mwaka huohuo, ila alitoka "hatarini mno" akaingia "hatarini". Kwake safari bado ndefu.

Basi tumle kwa raha zetu? Mimi nasema polepole. Asilimia 23 ni nafuu kubwa mbele ya 2, lakini haijafika hata robo ya kile ambacho bahari ingebeba bila sisi. Tena ile alama nzuri ya Atlantiki inabebwa zaidi na kundi la mashariki. Kundi la magharibi, linalozaliana Ghuba ya Meksiko, ni dogo zaidi na halikupona kwa kasi hiyo. Kula mara mojamoja, ukijua katoka bahari gani, si dhambi tena kama ilivyokuwa 2010. Kumla bila kujua ni kucheza bahati nasibu.

Kuna mtego mwingine hapa. Menyu ikisema jodari buluu "wa kufugwa", wengi hupumua wakidhani bahari imeachwa ipumzike. Kwa kawaida si hivyo. Katika Mediterania samaki hao huvuliwa baharini wakiwa hai, huvutwa taratibu ndani ya nyavu mpaka kwenye vizimba, kisha hunenepeshwa kwa miezi kadhaa kwa dagaa na vibua. Ni kama mtu akamate nyati porini, amfungie zizini msimu mmoja, kisha amwite ng'ombe. Kumzalisha jodari buluu kuanzia yai hadi yai kumewezekana, Chuo Kikuu cha Kindai cha Japani kilifanikiwa mwaka 2002, lakini hata huyo anataka zaidi ya kilo kumi za samaki wengine ili aongeze kilo moja ya mwili wake.

Na ule mnofu wa tumboni unaoyeyuka mdomoni, toro, unaosababisha watu wafilisike? Japani ya zamani haikuuthamini. Kabla ya mafriji mafuta yake yaliharibika haraka, na watu walipendelea ule mwekundu uliolowekwa kwenye soya. Jodari wa Kanada walianza kusafirishwa kwa ndege hadi soko la Tsukiji mjini Tokyo mnamo Agosti 1972, shirika la ndege la Japani lilipokuwa linatafuta mzigo wa kujaza ndege zilizokuwa zikirudi tupu. Januari 2019, katika mnada wa kwanza wa mwaka kwenye soko jipya la Toyosu, samaki mmoja wa kilo 278 alinunuliwa kwa yeni milioni 333.6. Nayataja haya kwa sababu kuna wanaotetea toro kwa hoja ya mila. Hiyo ni mila iliyofika kwa ndege ya mizigo, na haijamaliza hata karne.

Mvuvi alitumia nini?

Ukishajua ni jodari yupi na wa bahari gani, bado nusu ya habari hujaipata. Chukua kihada wawili walio sawa kabisa. Mmoja kavuliwa kwa ufito na mshipi: wavuvi wamesimama ukingoni mwa chombo, ndoana moja kila mtu, samaki mmojammoja. Asiyetakiwa hurudishwa majini akiwa bado anapigapiga mkia. Visiwa vya Maldivi vimejijengea sifa kwa uvuvi huu, hasa wa katsuo, yule jodari mdogo mwenye milia tumboni.

Wa pili kavuliwa kwa mshipi mrefu unaoachwa uelee kilomita nyingi ukiwa na maelfu ya ndoana zenye chambo. Ndoana haichagui. Kasa hunasa, papa hunasa, na ndege wakubwa wa bahari za kusini, albatrosi, hudaka chambo kabla hakijazama na kuvutwa chini nacho. Dawa zake zinajulikana na ni rahisi kiasi cha kuudhi: tega usiku ndege wakiwa wamelala, funga vizito ili chambo kizame upesi, tundika kamba zenye vitambaa nyuma ya meli ziwatishe (hizo zilibuniwa na wavuvi wa Kijapani wenyewe), tumia ndoana za mviringo kwa ajili ya kasa. Meli inayofanya hayo yote na meli isiyofanya hata moja hupeleka samaki sokoni kwa jina lilelile.

Njia ya tatu ni nyavu kubwa za kuzungushia, ambazo mara nyingi hutegwa kwenye maboya ya kuvutia samaki. Kitu chochote kinachoelea katika bahari wazi hugeuka kivuli cha kukimbilia, kwa hiyo chini ya boya hukusanyika katsuo waliokomaa pamoja na watoto wa kihada na mebachi. Wavu ukifungwa, wote humo. Ndiyo maana katsuo ambaye mwenyewe ana afya njema anaweza kuvuliwa kwa namna inayomdhuru binamu yake.

Mkunga, ambaye hana utetezi

Kwa jodari nimekuwa nikisema "inategemea". Kwa unagi, mkunga wa mitoni anayechomwa na kupakwa sosi tamu, sina "inategemea".

Mkunga wa Kijapani huzaliwa katika Pasifiki, magharibi ya visiwa vya Mariana. Kutoka huko vitoto hubebwa na mikondo hadi pwani za Asia ya Mashariki, na vinapofika milangoni mwa mito vimekuwa vijiti vyembamba vinavyopitisha mwanga kama kioo, macho mawili meusi tu ndiyo yanayoonekana. Hapo ndipo huchotwa. Mashamba yote ya mkunga hutegemea vitoto hivyo vya porini, kwa sababu ingawa watafiti wa Japani walifaulu kuukamilisha mzunguko wa uzazi wake maabara mwaka 2010, bado haujawa jambo la kulisha soko. Yaani neno "wa kufugwa" kwa mkunga lina maana ya "aliyeibwa utotoni". Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Japani ilichota zaidi ya tani 200 za vitoto kwa mwaka. Mwaka 2019 zilikuwa tani 3.7.

IUCN ilimworodhesha huyo wa Kijapani kuwa hatarini mwaka 2014. Binamu yake wa Ulaya yuko hatarini mno tangu 2008, na Umoja wa Ulaya ulisitisha kumuuza nje mwaka 2010. Matokeo yakawa magendo ya vitoto hai, vikisafirishwa ndani ya mabegi kwa ndege kuelekea mashamba ya Asia. Akishachomwa na kupakwa sosi, hakuna ulimi utakaomtambua wa Ulaya na wa Japani.

Niliwahi kumuuliza mhudumu mkunga wao katoka wapi. Akaenda jikoni, akakaa kidogo, akarudi na tabasamu: "Ametoka kwenye friza." Kama unautaka sana ule utamu wa sosi yenye sukari na moshi, wapo wapishi wanaoichoma bilinganya au samaki mwingine kwa namna hiyohiyo, na ukweli ni kwamba nusu ya ladha tunayoisifia unagi ni ya sosi.

Samoni na kamba

Samoni mbichi, anayeonekana leo kama nguzo ya sushi, Japani haikumla mbichi zamani kwa kuogopa minyoo. Ujumbe wa Norway ulikwenda huko mwaka 1985 kutafuta soko la samoni wao wa vizimbani, ambao kwa kulishwa chakula kilichotengenezwa hawapati minyoo hiyo kirahisi, na ikachukua miaka kadhaa ya ushawishi kabla Wajapani hawajakubali.

Kwa hiyo samoni wa kitongeni karibu kila mara ni wa kufugwa, na hapa neno hilo ni la kweli. Habari njema ni chakula chake: mwaka 1990 chakula cha samoni wa Norway kilikuwa takriban asilimia 90 vitu vya baharini, na siku hizi sehemu hiyo imeshuka hadi karibu robo, mahali pake pakichukuliwa na mimea kama soya. Ubaya ni chawa wa samaki wanaosambaa kutoka vizimbani, kinyesi kinachorundikana chini, na samoni wanaotoroka na kuzaliana na wale wa mitoni. Wanaofugwa katika matangi ya nchi kavu huyakwepa mengi ya hayo kwa gharama ya umeme mwingi. Ukikuta samoni wa porini wa Alaska, jimbo lililopiga marufuku ufugaji wa samaki wa aina hiyo mwaka 1990, huyo ni wa kuagizwa, mradi amegandishwa kwanza kwa ajili ya minyoo.

Na hapo niseme neno kuhusu "freshi". Watu hudhani samaki aliyegandishwa ni wa daraja la pili. Kwa sushi, kugandisha ni usalama: mamlaka ya chakula ya Marekani inashauri nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Jodari wengi wazuri hugandishwa palepale melini katika baridi ya karibu nyuzi 60 chini ya sifuri. Samaki huyo anaweza kusafiri kwa meli wiki nzima na zaidi. Yule "freshi" kutoka upande wa pili wa dunia alipanda ndege, na moshi wa ndege nao ni hesabu.

Kamba nitawapitia haraka: wengi hufugwa kwenye mabwawa, na sehemu kubwa ya mabwawa hayo, hasa Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika Kusini, yalichimbwa palipokuwa na mikoko. Wale wa baharini mara nyingi huvuliwa kwa juya la kukokota, linalozoa kila kitu chini. Nembo ya ASC, shirika lililoanzishwa 2010 kwa ajili ya ufugaji unaojali mazingira, ina uzito wake hapa kuliko penginepo.

Upande wa menyu usiosomwa

Vitonge vya kwanza vya namna tunayoijua viliuzwa Edo, Tokyo ya leo, mwanzoni mwa karne ya 19, na samaki wake walitoka kwenye ghuba iliyokuwa mbele ya mji: kohada mdogo wa rangi ya fedha aliyetiwa chumvi na siki, samakigamba, pweza. Upande huo wa menyu bado upo. Mara nyingi ni wa bei nafuu na hausomwi.

Chaza, kome na kombe wanaofugwa kwa kuning'inizwa kwenye kamba hawahitaji kulishwa chochote. Huchuja maji na kujipatia riziki wenyewe. Kwa maoni yangu hotate, ile kombe nyeupe tamu, ikiwa ni ya kambani, ndiyo chaguo jepesi kuliko yote mezani. Iliyokwanguliwa chini ya bahari kwa chuma ni hadithi nyingine. Iwashi, aji na saba, yaani dagaa wakubwa na vibua, hukua upesi na huzaa mapema.

Udogo peke yake hautoshi, lakini. Vibua wa Atlantiki ya kaskazini-mashariki walisimamishiwa nembo ya MSC, ile ya uvuvi endelevu, mwaka 2019. Wanasayansi walikuwa wametaja kikomo, ila nchi zinazowavua hazikuelewana kugawana, kila moja ikajikatia fungu lake, na mafungu yakazidi keki.

Cha ajabu kabisa kwangu ni uni. Hizo ni tezi za uzazi, za manjano, za kiumbe wa mviringo aliyejaa miiba kama nungunungu. Kuanzia 2013 ugonjwa uliwaua viti vya pweza kwenye pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, na kiti cha pweza mkubwa mwenye mikono mingi ndiye aliyekuwa akiwala viumbe hao. Alipotoweka, wale wa zambarau wakafumuka na kufyeka misitu ya mwani ya California mpaka mwamba ukabaki mtupu. Wapiga mbizi huwaokota kwa mkono. Kuwala hao wa zambarau ni kuupa mwani nafasi, na sijui kitonge kingine ambacho kukila ni kuisaidia bahari moja kwa moja namna hiyo.

Jina likiwa la uongo

Yote niliyoeleza yanaegemea dhana kwamba samaki ni yule aliyetajwa. Shirika la Oceana lilipima vinasaba vya samaki waliouzwa Marekani kati ya 2010 na 2012, na katika sehemu za sushi asilimia 74 ya sehemu hizo ziliuza angalau samaki mmoja kwa jina lisilo lake. Watafiti wa Los Angeles waliochapisha kazi yao 2017 walikuta karibu nusu ya samaki wa sushi waliowapima, asilimia 47, wakiwa na jina lisilo lao.

Anayeongoza kwa udanganyifu ni "jodari mweupe". Katika vipimo vya Oceana, asilimia 84 ya waliouzwa kwa jina hilo walikuwa eskola, samaki wa kina kirefu mwenye mafuta ya nta ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuyasaga. Japani na Italia zimempiga marufuku. Ukimla kwa wingi utamjua kwa jina lake halisi kabla ya asubuhi, na si kwa kusoma.

Ndiyo maana kadi za kumshauri mlaji achague samaki gani, zenye rangi ya kijani, njano na nyekundu, kama zile za Seafood Watch ya Monterey Bay Aquarium zilizoanza 1999, ni msaada wa nusu. Zinakuambia jibu ukishajua swali. Maswali yenyewe ni samaki gani hasa, bahari gani, kifaa gani, na mara nyingi majibu hayako mbali. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, samaki anayepelekwa mkahawani lazima aandamane na jina la kisayansi, eneo alikovuliwa na aina ya zana. Habari inafika hadi mlango wa jikoni, inaishia hapo.

Mkahawa mmoja niliokwenda, mpishi hakuudhika nilipomuuliza maguro wake. Alifuta mikono, akaenda nyuma, akarudi na kifuniko cha boksi kilichokuwa bado na chembe za barafu. Kibandiko kilisema Thunnus albacares, eneo la FAO namba 71, ufito na mshipi: kihada, wa Pasifiki ya kati upande wa magharibi, aliyevuliwa mmojammoja. Nikamwambia ana samaki mzuri na menyu yake haisemi. Akakitazama kifuniko tena, akacheka. Muda wote huo, akasema, alidhani 71 ni namba ya boksi.